Kinyozi Hajinyoi: Kwa Nini Tunaungama Mbele ya Padre

Hotuba ya paroko katika mafungo ya Kwaresima, kabla ya maungamo

Tumsifu Yesu Kristo.

Wazee wetu, akina mama wa WAWATA, vijana, nanyi jirani zetu wa madhehebu mengine mliokubali mwaliko, nawashukuru kwa kufika mapema namna hii. Mwenyekiti wa halmashauri ya walei aliponiomba nizungumze leo, hakunipa mada bali swali. Aliulizwa msibani, mbele za watu, na kijana aliyebatizwa na kukulia hapa hapa parokiani: "Kwa nini nikamweleze dhambi zangu mwanadamu mwenzangu, wakati Mungu ananisikia hata nikiwa juu ya bodaboda?" Mwenyekiti amekiri kwamba alimjibu kwa mkato, kwa kumtajia amri ya Kanisa inayotutaka tuungame walau mara moja kwa mwaka. Amri hiyo ipo kweli, lakini kijana hakuuliza kama ipo. Aliuliza kwa nini iwepo, na huyo anastahili jibu refu kuliko lile.

Kabla sijaanza, nitoe angalizo. Nina miaka 27 ya upadre, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia katika kiti cha kitubio. Mwalimu akizungumzia kazi yake hutoa mifano ya darasani, na daktari hutoa mifano ya wodini bila kutaja majina. Mimi sitawapa mfano hata mmoja uliotoka kitini, hata ukiwa umebadilishwa jina, kijiji na mwaka. Nitakayoyataja ni ya historia, au ya kubuni, nami nitasema kwamba ni ya kubuni, au ni yangu mwenyewe nilipokuwa upande wa pili, upande wa kupiga magoti. Siri ya kitubio humfunga padre kuhusu dhambi za mwenzake. Haimfungi mtu kuhusu dhambi zake mwenyewe. Kwa hiyo naanza na za kwangu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Katekista alitupanga mstari chini ya mwembe wa kigango, wavulana huku na wasichana kule, na padre aliyekuja kwa pikipiki kutoka parokiani alikuwa ameketi kwenye kiti cha darasani, ametugeuzia ubavu, stola ya zambarau shingoni, leso ameishika shavuni ili asituone nyuso. Dhambi zangu nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu, nikaikunja mara nne na kuifumbata. Kufikia zamu yangu jasho la kiganja lilikuwa limeuyeyusha wino, na mstari pekee uliosomeka, kwa bahati mbaya, haukuwa wangu: "Kaka yangu ameiba maembe ya Mwalimu." Padre alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo atakuja mwenyewe. Wewe ulikula mangapi?"

Nilikuwa nimekula manne. Hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye karatasi, wala sikuwa nimelifikiria katika siku zote tatu za kujitafiti dhamiri ambazo katekista alituamuru. Padre alinitaka nikamwombe Mwalimu radhi, akanipa Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, akaniongoza katika sala ya kutubu, akasema maneno ya maondoleo, kisha akaniambia niichane ile karatasi. Baadaye nilisoma teolojia kwa miaka mingi, lakini kila ninapotafuta jibu la swali la kijana wetu najikuta narudi kwenye swali lile la maembe.

Tuanze na hoja yenye uzito kuliko zote. Yesu alipomwambia mwenye kupooza kwamba amesamehewa dhambi zake, waandishi waliokuwa wameketi pale waliwaza mioyoni mwao: "Ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu?" Katika hilo hawakukosea hata kidogo, na Kanisa Katoliki linafundisha vivyo hivyo. Padre hana msamaha wake binafsi wa kumgawia mtu. Walichokosea waandishi ni kudhani kwamba Mungu, kwa kuwa ndiye mwenye kusamehe, hawezi kuupitisha msamaha wake katika mdomo wa mwanadamu aliyeketi mbele yao akiwa na vumbi miguuni. Mathayo, anaposimulia tukio hilo hilo katika sura ya 9, anamalizia kwa kusema kwamba makutano walimtukuza Mungu "aliyewapa watu amri ya namna hii." Angalieni neno hilo "watu". Aliyesamehe pale alikuwa mmoja, ila Mwinjili ameandika kwa wingi, na ninavyoamini mimi, alikuwa akiwaangalia Wakristo wa wakati wake ambao tayari walikuwa wakiiona amri hiyo ikitumika kati yao.

Amri yenyewe tunaipata katika Injili ya Yohane, sura ya 20. Ni jioni ya siku ya ufufuko, milango imefungwa kwa hofu, na waliomo ndani ni watu walioshindwa: mmoja alimkana Bwana mara tatu, na karibu wengine wote walikimbia. Yesu anasimama katikati yao, anawatakia amani, anawaambia kwamba kama Baba alivyomtuma yeye, naye anawapeleka wao, kisha anawavuvia na kusema: "Wo wote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa, na wo wote mtakaowafungia dhambi, wamefungiwa." Baadhi ya ndugu zetu huyasoma maneno haya kama agizo la kuhubiri habari ya msamaha, na bila shaka kuhubiri kumo ndani yake. Lakini anayehubiri hutangazia umati mzima neno lile lile. Haondolei huyu na kumfungia yule. Aliyepewa kuchagua kati ya kuondoa na kufunga hana budi kujua kwanza anaondoa nini, na hawezi kujua asipoambiwa. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulitumia hoja hii mwaka 1551, na mpaka leo sijaona namna nyepesi ya kuikwepa.

Nikiri jambo moja ambalo wakati mwingine sisi mapadre hatulisemi kwa sauti ya kutosha. Mungu hakufungwa na sakramenti zake. Mtu anayejuta kwa sababu amemchukiza Mungu anayempenda, si kwa kuogopa moto tu, ana kile tunachokiita majuto kamili. Na majuto hayo, yakiambatana na nia thabiti ya kwenda kuungama mara atakapoweza, humwondolea hata dhambi ya mauti pale pale alipo. Iwe ni mvuvi ambaye mashua yake inazama usiku, au mgonjwa aliye mbali na padre yeyote, hakuna aliyefungiwa mlango. Dhambi ndogo nazo husamehewa kwa njia nyingi: kwa kupokea Ekaristi, kwa sala, kwa matendo ya huruma. Kwa hiyo ukiniuliza kama Mungu anakusikia ukiwa juu ya bodaboda, nakujibu kwamba anakusikia, nami nakusihi usiache kuzungumza naye huko, ila utazame barabara.

Swali linalobaki ni je, wewe unajisikia?

Nitoe mfano, nao ni wa kubuni. Mweka hazina wa kikundi cha VIKOBA amechukua fedha za wanachama, kidogo kidogo, kwa miezi minane, akarekebisha daftari ili hesabu zikae sawa. Usiku anapiga magoti kando ya kitanda na kusema kwa machozi ya kweli: "Ee Mungu, unisamehe." Anajisikia mwepesi, analala. Siku ya kikao anafungua daftari lile lile, nalo ni lile lile. Katika mazungumzo yake na Mungu yeye ndiye aliyeleta mashtaka, ndiye aliyejitetea, na kwa bahati nzuri sana ndiye aliyesoma hukumu. Sasa mpeleke mbele ya padre. Atasema, "Nimeiba." Padre atamuuliza swali moja lenye maneno mawili: "Na fedha?" Hatamwachia aondoke na maondoleo huku ameazimia kubaki na mali ya watu, kwa sababu anayetaka kusamehewa wizi huku akikumbatia kilichoibwa hajatubu bado, na padre hana mamlaka ya kusamehe kisichotubiwa. Anaweza kumruhusu arudishe kwa mafungu, anaweza kumsaidia atafute njia ya kurudisha bila kujianika mbele ya kikundi kizima, lakini swali lazima liulizwe, na lazima liulizwe na mtu mwingine. Mwulizaji huyo ndiye nisiyekuwa naye katika siku zangu tatu za kujitafiti peke yangu.

Isitoshe, wale wanachama wa kikundi wamo wapi katika sala ya chumbani? Kila Misa tunaanza kwa kusema, "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu." Tumeyazoea maneno hayo hata hatuyasikii. Dhambi hata ya siri hupunguza kitu katika mwili mzima wa Kristo: uongo wangu humfanya jirani asimwamini hata msema kweli, na uvivu wangu wa sala humwacha mgonjwa wa jumuiya bila mwombezi. Mila zetu zinalielewa jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Mtoto aliyemkosea baba yake kosa zito hatumi ujumbe wa simu wenye neno "samahani". Huenda kwa baba mdogo, au kwa mjomba, naye humchukua na kumrudisha nyumbani, wakaketi, maneno yakasemwa kwa kinywa na kusikiwa kwa masikio, na baba akatamka mbele ya watu kwamba yamekwisha. Hakuna anayesema kwamba mjomba amemnyang'anya baba haki ya kusamehe. Padre anaketi pale kwa niaba ya Kristo aliyekosewa, na pia kwa niaba ya familia ambayo mkosefu anarudishwa kwake. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Mungu "alitupa huduma ya upatanisho", naye Yakobo anasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi."

Hapo zamani familia hiyo ilikuwa inaonekana kwa macho, na mahali inapoonekana vizuri zaidi ni Afrika. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru wakazi wote wa dola la Roma watoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa na wapewe hati ya kuthibitisha. Hati zaidi ya 40 za namna hiyo zimechimbuliwa katika mchanga wa Misri: vipande vya mafunjo vyenye jina la mtu, kijiji chake, kauli kwamba ametoa sadaka na kuonja nyama, na saini za mashahidi. Kule Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, Wakristo wengi waliitoa hiyo sadaka. Wengine walihonga wakapata hati bila kuitoa. Mateso yalipopoa, makundi yote mawili yalirudi mlangoni kwa Askofu Sipriani yakilia.

Hebu fikirini mkutano ule. Ndani wameketi watu ambao waume zao walifia gerezani kwa kukataa sadaka ile ile. Nje wamesimama walioitoa. Je, askofu angewaambia walio nje, "Nendeni mkamwombe Mungu chumbani, mkimaliza mje mkomunike"? Kule Roma, padre mmoja, Novasiano, alisema Kanisa halina uwezo wa kuwapokea tena. Wengine pale Karthago walitaka wapokelewe papo hapo kwa vikaratasi vya kuombewa vilivyoandikwa na waungama imani, yaani Wakristo waliokataa sadaka ile wakawa kifungoni. Sipriani na maaskofu wenzake, katika sinodi ya mwaka 251, walizikataa njia zote mbili. Waliamua kila mmoja asikilizwe kwa kesi yake, kwa sababu aliyekimbilia madhabahu ya sanamu kwa hiari yake si sawa na aliyeburutwa, wala si sawa na aliyenunua karatasi. Wakapangiwa kipindi cha malipizi, na mwisho wake ulikuwa kuwekewa mikono na kurudi mezani. Haukupita muda mrefu, tishio la mateso mapya lilipojitokeza, wakaamua waliokuwa bado kwenye malipizi wapewe amani mapema, ili wasiingie vitani bila Ekaristi. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Mimi huona katika habari hii mambo yote ya kiti cha kitubio, ingawa kiti chenyewe hakikuwapo: mtu kutaja kosa lake, kusikilizwa peke yake, kupimiwa dawa, kuondolewa.

Namna ya kufanya hayo imebadilika sana, na Mkatoliki asiogope kulisema hilo. Kwa karne za mwanzo kitubio cha dhambi nzito kilikuwa cha hadharani, kigumu, na cha mara moja tu katika maisha baada ya ubatizo, hata watu wakakiahirisha mpaka kitanda cha mauti. Mwaka 459 Papa Leo wa Kwanza aliwakemea maaskofu waliokuwa wakiwasomea watu hadharani orodha za dhambi za waungamaji, akasema yatosha dhamiri kufunuliwa kwa makasisi katika maungamo ya siri. Wamonaki wa Ireland, akiwamo Kolumbano aliyefariki mwaka 615, walieneza barani Ulaya desturi ya kuungama faraghani na kurudia kadiri mtu anavyohitaji. Na msidhani walipokelewa kwa vigelegele, maana Mtaguso wa Toledo wa mwaka 589 ulikwisha kuilaani tabia ya watu kutaka maondoleo kila mara wanapotenda dhambi. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukaweka ile amri ya mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo inapotoka hadithi mnayoisikia mitaani, kwamba kuungama kwa padre kulibuniwa mwaka huo. Anayeweka sheria kwamba kila mzazi apeleke mtoto shule hajabuni shule. Amechoshwa na wasiopeleka.

Mtaguso huo huo ulimfananisha padre na tabibu anayemimina divai na mafuta kwenye majeraha, na wahenga wetu wa pwani, bila kuusoma, walilimaliza jambo hilo kwa maneno manne: mficha maradhi kilio humuumbua. Mgonjwa anayemwambia daktari, "Nina ugonjwa fulani hivi, nipe dawa," atapewa maji ya chumvi na pole. Ndiyo maana Kanisa linatutaka tuzitaje dhambi za mauti kwa aina yake na kwa idadi kadiri tunavyokumbuka. Tunaitaja aina kwa sababu kuiba kuku wa tajiri na kuiba kuku wa mjane havitibiwi kwa dawa moja. Na idadi kwa sababu anguko la mara moja ni jeraha, lakini la kila wiki ni kidonda ndugu.

Sasa hoja ambayo wengi huisema kwa sauti ya chini kwa kumwonea padre haya: "Lakini padre naye ni mwenye dhambi." Waseme tu kwa sauti ya juu, kwa maana ni kweli, na pengine mnazijua baadhi ya dhambi zangu kuliko mimi. Swali hili nalo lilijibiwa Afrika. Wadonato, Wakristo wa huko waliojitenga na Kanisa, walidai kwamba sakramenti inayotolewa na mhudumu mwovu ni bure, naye Agustino, Askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, akawajibu kwamba akibatiza Petro, anayebatiza ni Kristo, na akibatiza Yuda, anayebatiza ni Kristo. Laiti msamaha ungetegemea usafi wa padre, mngehitaji kwanza kumwungamisha yeye ili mjue kama dhambi zenu zimeondoka.

Padre naye huungama, na hapo sheria ni kali kuliko mnavyodhani. Hakuna padre, askofu wala Papa anayeweza kujiondolea dhambi, kinyozi hajinyoi. Mwezi Machi 2014, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko aliongoza ibada ya kitubio, na ulipofika wakati wa kwenda kuungamisha alikwenda kwanza kwenye kiti cha padre wa kawaida, akapiga magoti mbele ya kamera, akaungama. Mwelekezi wake wa ibada alikuwa akimwonyesha kiti kingine, kile alichopaswa kuketi yeye. Mimi nina muungamishi wangu, na mara kadhaa nimepanda daladala mbili nikiwa nimevaa shati la kawaida, nikajipanga kwenye mstari wa parokia nisiyojulikana, moyo ukinienda mbio kama wa yule mtoto wa maembe. Ninyi mnaoniambia ni aibu, nawaelewa. Ila nimekuja kuithamini ile aibu, kwa sababu ni sehemu ya dawa: dhambi niliyoona haya kuitaja kwa mwenzangu Jumamosi huwa nzito kidogo mkononi Jumatatu.

Kuhusu siri, nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo hofu ilipo. Sheria ya Kanisa inasema kwamba siri ya kitubio haivunjwi kamwe, na padre anayeivunja waziwazi anajitenga na Kanisa papo hapo, kwa adhabu ambayo kuondolewa kwake kumehifadhiwa kwa Kiti cha Kitume. Mkalimani, kama mzee wetu ameungama kwa lugha yake ya nyumbani kupitia mtu, naye anafungwa, na hata aliyesikia kwa bahati mbaya. Lakini wengi hawajui kwamba siri hiyo inazidi kunyamaza. Kwa mfano wa kubuni tena: mlinzi wa kanisa ameniungamia kwamba anaiba sadaka. Siwezi kubadilisha kufuli, siwezi kumhamisha, wala siwezi kesho kumtazama kwa jicho lingine au kumuuliza pembeni, "Vipi, umeacha?" isipokuwa yeye mwenyewe alianzishe. Kwa mambo ya nje ya kiti, mimi sikusikia. Mapokeo ya Praha yanamkumbuka Yohane Nepomuk, padre aliyetupwa mtoni mwaka 1393 kwa amri ya mfalme, na kumheshimu kama shahidi wa siri hii. Wanahistoria wanaona pia ugomvi wa kisiasa nyuma ya kifo hicho, lakini picha yake akiwa na kidole mdomoni imesimama hata juu ya madaraja.

Siwezi kuliacha hapo kana kwamba siri hii haina gharama. Nchini Australia, tume ya kifalme iliyochunguza udhalilishaji wa watoto katika taasisi ilipendekeza mwaka 2017 kwamba padre asiepushwe na wajibu wa kuripoti hata aliyoyasikia kitini, na baadhi ya majimbo yametunga sheria hizo. Hasira iliyozaa sheria hizo ni ya haki. Viongozi wa Kanisa waliwaficha wahalifu, na waliwaficha nje ya kiti, katika ofisi na mafaili, ambako hakuna siri ya sakramenti inayowakinga. Msimamo wa Kanisa haukubadilika, na mimi naukubali: mkosefu akijua kwamba kiti kina sikio la polisi, hatakuja, na nafasi pekee ya mtu kumwambia uso kwa uso ajisalimishe itapotea. Padre anaweza na anapaswa kumsihi afanye hivyo. Mtoto akija kitini na kusema ametendewa ubaya, padre atamweleza kwamba hana kosa, na atamsaidia kumwambia mtu mzima mwingine nje ya kiti, ili asaidiwe. Mzazi, ukiona padre yeyote anakitumia kiti kwa maneno ya uchafu au ya kutongoza, hiyo ni jinai katika sheria za Kanisa, na siri haimkingi. Muungamaji ana haki kamili ya kusema. Wavu unaomtenga padre na muungamaji, na sehemu ya wazi ya kanisa, ambavyo Askofu Mkuu Karoli Boromeo alivihimiza kule Milano katika karne ya 16, viliwekwa kwa sababu Kanisa halikuwa na upofu juu ya hatari hiyo.

Wapo pia waliokaripiwa. Nikiwa kidato cha pili padre mmoja alinifokea hata waliokuwa mstarini wakasikia sauti, na kwa mwaka mzima sikurudi. Sina cha kumtetea. Kama yalikupata hayo, nakuomba radhi kwa niaba yetu, nami nakukumbusha kwamba una uhuru wa kuchagua padre mwingine yeyote mwenye ruhusa ya kuungamisha.

Kwa jirani zetu Walutheri waliopo hapa, niseme kwa furaha kwamba hatuko mbali kama tunavyodhaniana: Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linataka ondoleo la faragha lidumishwe makanisani, ingawa halilazimishi kutaja dhambi zote. Ndugu zetu Waorthodoksi huungama kwa kasisi kama sisi.

Yamebaki ya utaratibu. Vijana wameniuliza kama inawezekana kuungama kwa WhatsApp. Haiwezekani, sakramenti inahitaji watu wawili waliopo mahali pamoja. Ambaye hajaungama kwa miaka 20 na amesahau kila kitu, aingie aseme, "Padre, nimesahau namna ya kuungama," na padre atamshika mkono hatua kwa hatua. Sala ya kutubu imebandikwa mbele ya kila kiti kwa herufi kubwa: "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako." Mkisikia, "Nami nakuondolea dhambi zako," msianze kunong'ona rozari, nyamazeni myasikie maneno hayo mpaka mwisho, kwa sababu yanasemwa kwako peke yako.

Mapadre wanne kutoka parokia jirani wameshafika, ili msilazimike kuungama kwangu. Mmoja atakaa sakristia kwa ajili ya wazee na wasiosikia vizuri, wawili kwenye viti vya kanisani, na wa nne chini ya mti nyuma ya shule kwa ajili ya watoto. Watoto, msiandike na kalamu ya wino. Mstari wa kiti cha kushoto tayari una watu watatu. Wa nne ni mimi, anayetaka asimame nyuma yangu.